Rupia tano za Mpunguzi: rangi iliyokuja yenyewe na rangi iliyopikwa

Rupia tano za fedha za enzi ya Mjerumani ziliwekwa mezani hapa Dodoma mjini zikisubiri mnunuzi atoe pesa. Ya kwanza, ya kijivu na iliyochakaa, iliombewa shilingi 90,000. Nne zilizobaki kila moja iliombewa 600,000, na tofauti yote hiyo ilibebwa na rangi: udhahabu, wekundu unaoelekea zambarau, buluu. Muuzaji ni kijana mwenye meza soko la Majengo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: zote zimetoka kopo moja la marehemu babu yake huko Mpunguzi, na tangu mzee afariki hakuna aliyezigusa. Mnunuzi ni mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake. Ameanza kukusanya sarafu za ukoloni na alikuwa tayari kulipa, ila aliniomba nizitazame kwanza. "Kaka, niambie tu kama rangi hizi ni za kweli au zimepikwa."

Nilimjibu kwamba sarafu haiwezi kutueleza nia ya mtu. Inachotunza ni mambo yaliyoipata, na lipi lilitangulia lipi: kupita mikononi, kukwaruzwa, kusuguliwa, kulala gizani, kushika rangi. Anayepika rangi anaweza kuipata rangi yenyewe, tena inayovutia kuliko ya asili. Kinachomshinda ni kuyafanya matukio yote yaliyomo kwenye sarafu yakubaliane na hadithi anayoisimulia. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutafuta mpangilio wa matukio kwenye kila rupia, kisha kuulinganisha na maneno ya kijana.

Kwanza nilitaka kujua kama ni rupia kweli. Rupia mpya ilitoka kiwandani na gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika 1,000, kipenyo kama milimita 30, sawa na rupia ya India iliyozoeleka pwani kabla yake. Kwenye mizani ya sonara hizi tano zilikuwa kati ya gramu 11.38 na 11.62, upungufu ambao uchakavu wa kawaida unauleta. Ile ya kijivu ni ya mwaka 1890, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Nyingine nne ni za serikali ya koloni, zenye maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA, za miaka ambayo rupia moja iligawanywa kuwa heller 100: 1904 na 1905 zenye herufi A ya Berlin, 1906 na 1910 zenye herufi J ya Hamburg. Upande wa pili ni Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, na kofia yake ya chuma yenye tai juu. Hakuna iliyokuwa bandia. Wala si ajabu sarafu hizi bado zinachomoka kwenye makopo ya vijiji vyetu. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na mshahara wa kibarua ulihesabiwa kwa rupia.

Sasa rangi. Fedha haili kutu kama chuma. Salfa iliyoko hewani, hasa kwenye gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, hushikana na fedha ya juu kabisa na kufanya utando wa salfaidi ya fedha. Utando huo ukiwa na unene wa makumi ya nanomita bado unapitisha mwanga. Sehemu ya mwanga hurudi kutoka juu ya utando, sehemu nyingine hupenya na kurudi kutoka kwenye fedha iliyo chini, na mirudio hiyo miwili ikikutana, baadhi ya rangi hufutana na nyingine hubaki. Ndiyo rangi tunazoziona kwenye tone la oili juu ya dimbwi la mvua. Unene wa utando ndio unaoamua jicho lione nini, na unene ukiongezeka rangi hufuatana kwa zamu: njano hafifu, udhahabu, wekundu wa kahawia, zambarau, buluu, samawati inayokaribia weupe. Ukiendelea kunenepa, duru ya pili huanza na njano tena, kisha waridi, kisha kijani, na mwisho wake ni kijivu kizito na weusi.

Zamu hiyo ndiyo silaha kubwa ya mkaguzi. Utando unaonenepa taratibu kutoka ukingoni kwenda katikati hauwezi kutoka udhahabu hadi buluu bila kupita wekundu na zambarau, hata kama mstari wa zambarau ni mwembamba kama unywele. Unaweza kukatika ghafla mahali pawili tu: pale ambapo kitu kilikuwa kimefunika, au pale uso wa sarafu unapobadilika ghafla, kama kwenye mguu wa herufi. Mahali pengine popote buluu inapogusana na njano bila chochote katikati, lazima uulize imefikaje hapo.

Jambo lililonitia shaka mapema ni hali ya hewa yetu. Dodoma ni kukavu, na unyevu husaidia sana salfa kuishika fedha. Sarafu iliyolala Tanga au Unguja huweza kuwa nyeusi kabisa wakati mwenzake wa Dodoma bado ana njano hafifu. Rupia nne zenye buluu kutoka kopo lililofungwa, katika nchi kavu, zilihitaji chanzo cha salfa karibu nazo. Ama chanzo hicho kilikuwepo bila mtu kukusudia, au mtu alikileta.

Nilizipanga kwenye kitambaa cheupe chini ya taa moja, nikawa nainamisha kila rupia polepole huku natazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Watu wengi hukagua picha ya simu iliyopigwa wima na kuridhika. Picha ya namna hiyo inaonyesha rangi na kuficha kila kitu kilicho chini yake. Ukiinamisha sarafu ndipo unaona kama mng'aro wa kiwandani bado unazunguka chini ya utando, kama kuna mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, na kama rangi ya mbondeni ni sawa na ya kwenye miinuko.

Ya 1910 ilikuwa na buluu na zambarau upande wa Kaiser, na kwenye buluu hiyo kulikuwa na vijistari vinavyokatizana, vyembamba, vimepangana kama nyavu. Ni alama ya nguo. Upande wake wa pili ulikuwa karibu mweupe, isipokuwa hilali moja (umbo la mwezi mwandamo) ya udhahabu na wekundu pembeni. Ya 1906 nayo ilikuwa na hilali upande mmoja na nyingine upande wa pili, ya 1904 vivyo hivyo. Hapo nikaacha kuzitazama moja moja. Sarafu zikilala kwa mrundo ambao umeteleza kidogo, kila moja huifunika jirani yake na kuacha kipande cha pembeni wazi. Kipande kilicho wazi hushika rangi, kilichofunikwa hubaki cheupe. Na kwa kuwa mteremko ni mmoja, hilali ya sarafu ya juu huangukia upande mmoja na ya chini yake upande wa mkabala. Nilizibebanisha 1910 juu ya 1906, nikazisogeza hadi mpaka wa weupe wa moja ukalingana na ukingo wa nyingine. Zikakaa. Ya 1904 ikaingia chini yake kwa namna hiyohiyo, na chini kabisa ya 1890, ile ya kijivu ambayo hakuna aliyeijali, ikawa na kivuli cha mviringo kinachomalizikia pale ukingo wa 1904 unapomalizikia. Uso wake wa chini ulikuwa na alama za nguo kama 1910.

Hilo ni jambo zito. Mpishi wa rangi anaweza kuchora hilali kwa kuifunika sarafu nusu. Kuzifanya rupia nne zenye uchakavu tofauti zilandane kwa mipaka ya pande sita za ndani, pamoja na nguo juu na chini, ni kazi ya mtu anayejua kwamba kuna atakayejaribu kuzibebanisha. Tena angekuwa mtu wa ajabu kuihangaikia ya 1890 iliyoombewa shilingi 90,000 tu.

Mbona ya 1890 haina rangi za kuvutia kama wenzake? Kwa sababu ilifika kwenye mrundo ikiwa imeshazeeka. Imetumika kuliko zote, sharubu za Kaiser zimelika, na mabondeni mwa herufi kuna weusi wa zamani uliochanganyika na uchafu wa mikono. Utando wake ulikwisha kupita hatua za rangi kabla haijafungwa. Hivyo ndivyo rupia nyingi zilizozunguka zinavyoonekana: kijivu uwanjani (sehemu tambarare isiyo na maandishi wala picha), nyeusi mabondeni, nyeupe kidogo kwenye miinuko inayoguswa na vidole. Kwa macho yangu hiyo nayo ni rangi ya asili na ina heshima yake, ingawa haimshtui mtu.

Chanzo cha salfa tulikwenda kukitafuta Mpunguzi, mimi na kijana. Ni kusini mwa mji, barabara ya kwenda Iringa, na ni nchi ya zabibu. Bibi yake alitupokea kivulini. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni. Mmekuja kwa zile hela za Mdachi?" Hakuwa na la kuficha. Mumewe alikuwa mkulima wa mizabibu, na kopo la bati lilikaa stoo, juu ya mifuko ya dawa ya zabibu. Nilimuuliza kwa nini palepale. "Babu yao alijua watoto hawasogei. Ile dawa inawasha macho."

Dawa yenyewe ni unga wa salfa, ule wa njano ambao wakulima wa Dodoma huupulizia mizabibu dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Mizabibu yetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mifuko ilifunguliwa na kufungwa misimu yote. Salfa ya unga hutoa mvuke kidogo hata bila kuchomwa, na stoo ya bati wakati wa jua la Oktoba ni tanuri. Kopo halikuwa na mfuniko unaobana. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kaniki kilichokunjwa, kimebaki na fundo. Nililinganisha nyuzi zake na vijistari vya 1910 chini ya lenzi, na nafasi kati ya uzi na uzi ilikuwa ileile. Bibi hakukumbuka rupia zilikuwa ngapi. Aliyefunga fundo ni mumewe, na yeye hakuwahi kulifungua.

Kwa hiyo nne zilikuwa na hadithi iliyosimama. Ya tano, 1905, haikuingia popote kwenye mrundo. Nilijaribu kuiweka juu, chini, katikati. Haina hilali wala alama ya nguo. Pande zake zote mbili zina rangi kwa kiwango kimoja, na kitu kilicholala miaka mingi mahali pamoja mara chache huwa hivyo, kwa sababu daima kuna upande uliotazama chini. Hiyo peke yake isingetosha kuihukumu. Huenda ilikuwa nje ya fundo. Lakini kila nilipoinamisha, kitu kingine kilijitokeza.

Buluu yake ilikuwa imekaa kama matone, na pembeni mwa matone ilianza njano moja kwa moja. Chini ya rangi kulikuwa na mikwaruzo myembamba mingi, yote imeelekea upande mmoja, kuanzia kwenye kofia hadi kifuani. Mikwaruzo ya kutumika huenda kila upande. Inayoelekea upande mmoja ni ya mkono uliosugua, na hapa kwetu hiyo ni majivu na ndimu, au dawa ya meno. Kwenye shavu la Kaiser kulikuwa na mkwaruzo mmoja mzito wa zamani, na rangi imeingia hadi ndani yake, waridi ileile ya pembeni. Mkwaruzo unaong'aa katikati ya rangi ni mdogo kwa umri kuliko rangi. Mkwaruzo uliopakwa rangi sawasawa na jirani zake uliikuta rangi haijafika. Halafu mabondeni mwa herufi hapakuwa na weusi wowote wa zamani, ingawa sarafu imechakaa karibu kama ile ya 1890. Uchafu wa miaka ulikwenda wapi? Uliondolewa na kule kusugua. Na rangi ilipanda kutoka uwanjani hadi juu ya herufi bila kujali mguu wa herufi, wakati kwenye ile ya 1910 kila herufi imezungukwa na mstari mwembamba uliopauka.

Ubavuni ndiko nilikofunga mjadala. Kwenye meno ya ubavu kulikuwa na vidoa viwili vyeupe, vidogo, vinavyotazamana moja kwa moja, kila kimoja upana wa mdomo wa koleo. Sarafu ilikuwa imeshikwa wakati ikipokea rangi.

Mpangilio wa matukio ya 1905 ni huu, basi: ilitumika sana, ikakwaruzwa, ikasuguliwa hadi ikawa nyeupe, kisha ikashikwa kwa koleo na kupewa rangi. Maneno "hakuna aliyezigusa tangu mzee afariki" hayana mahali pa kukaa katika mpangilio huo. Sikuhitaji kujua kama ni moto, yai lililochemshwa, au maji ya salfaidi ambayo sonara hutumia kutia weusi kwenye bangili. Kazi ya sonara ikikatizwa mapema, kabla ya weusi, huacha rangi hizohizo.

Mnunuzi aliniuliza kwa nini sikuanza na asetoni, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba rangi ya uongo hutoka nayo. Nilimwonyesha. Asetoni safi (ile ya kuondolea rangi ya kucha huwa na mafuta na manukato, isiguse sarafu) iliondoa ukungu kidogo wa mafuta ya vidole kwenye 1905, na buluu ikabaki palepale. Asetoni huyeyusha vanishi, wino na mafuta. Haiwezi kuyeyusha salfaidi ya fedha, iwe imekuja kwa miaka 60 au kwa dakika sita. Anayesema "nimeipitisha kwenye asetoni na haikutoka" amethibitisha tu kwamba haikupakwa rangi ya kopo. Ningependa sana kosa hili liishe, maana linawapotezea watu pesa wakiwa na uhakika kamili kwamba wamekagua.

Kuna hoja iliyo ngumu kuliko ya 1905. Rupia tatu za mrundo zilipata rangi juu ya mfuko wa salfa. Je, hiyo ni asili? Salfa ileile mtu akiiweka makusudi chini ya sarafu zake tutamwita mpishi. Mimi nimeziita za asili, na sababu yangu ni hii: dola za Morgan za Marekani, zilizotengenezwa 1878 hadi 1904 na tena 1921, zilikaa miongo kwenye mifuko ya turubai katika hazina, na zile zilizogusa nguo zikatoka na rangi ambazo wakusanyaji wanazipigania hadi leo. Bahasha za karatasi ya kaki na albamu za zamani zimefanya hivyohivyo. Kote huko chanzo ni salfa ya kitu cha kuhifadhia, na rangi ilikuja sarafu ikiwa imewekwa tu kama mali. Babu wa Mpunguzi aliweka akiba mahali ambapo watoto hawafiki. Utando ulikua ndani ya fundo, kwa zamu yake, na uliheshimu kila kilichokuwa kimefunikwa.

Lakini siwezi kumwambia mnunuzi kwamba sarafu peke yake zingetosha. Mtu mwenye subira akifunga rupia nne kwenye kaniki leo na kuziacha juu ya salfa, baada ya muda atapata kitu kinachofanana sana. Kinachozitenganisha hizi na hizo ni kopo, kaniki, stoo na maneno ya bibi, vyote vikikubaliana na alama zilizomo. Kampuni kubwa za Marekani za kupima ubora wa sarafu, PCGS na NGC, hukataa kutoa daraja la kawaida kwa sarafu ambayo rangi yake inatiliwa shaka, na wao huletewa sarafu bila kopo. Sishangai wakiikataa ya 1910. Ndiyo maana nilimshauri alipie rupia, na rangi aiongezee kidogo tu.

Wakakubaliana hivi. Nne za mrundo zikauzwa pamoja kwa shilingi 1,000,000, na kopo na kaniki vikiwa sehemu ya mali, kwa kuwa zikitenganishwa hilali zinapoteza ushahidi wake. Ya 1905 mnunuzi hakuitaka. Kijana alisema huwa ananunua rupia Kondoa pia na huenda ilichanganyika, sikumbishia. Ina fedha halisi karibu gramu 10.5, na thamani yake iko karibu na hapo, kwa sababu kilichoharibiwa na majivu hakirudi hata rangi ikiondolewa. Alitaka kujua kama aiondoe kwa karatasi ya alumini na magadi ya keki kwenye maji ya moto. Nilimwambia aiache. Njia hiyo hurudisha salfaidi kuwa fedha na kuacha weupe mfu, na chini yake mikwaruzo itaonekana vizuri zaidi kuliko sasa.

Kwenye stakabadhi niliandika kila rupia na mwaka wake, herufi yake, uzito, na hilali zake ziko saa ngapi kama uso wa saa. Picha zilipigwa mbili kwa kila upande, wima na kwa kuinamisha. Rupia sasa zinakaa kila moja kwenye plastiki isiyo na PVC (aina ya plastiki inayoharibu sarafu), mbali na mpira na bahasha za kaki. Kaniki ipo kwenye mfuko wake wenyewe, kabati jingine, kwa sababu bado inanuka salfa.